Bangili Sita za Mkono wa Kulia

Jumanne asubuhi Raihana alinyoosha mkono dirishani kupokea pakiti ya sukari. Vidole vinne vikafunguka, cha tano kikabaki kimejikunja. Akakitazama, akajaribu tena. Kidole kidogo kikamnyamazia kama mtoto aliyevunja sahani.

Alikiinua kwa mkono wa kushoto, kikainuka bila kuuma. Alipokiachia, kikaanguka.

Hapo ndipo alipoingiwa na hofu, maana kwa miaka minne mkono ule wa kulia haukuwahi kufanya jambo lolote bila kuuma.

Nyumba ilikuwa imeshajaa. Nasiha, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa Ijumaa, na hina ilikuwa Alhamisi. Jamaa wa Malindi na Lamu walikuwa wametandika magodoro mpaka chini ya ngazi, na mtaani Kuze mlango wa nyumba yenye harusi haufungwi; mtu hupiga hodi akiwa ameshafika jikoni. Raihana akajizungushia leso mkononi kama anayefuta maji, akapanda juu kwa Zilpah.

Zilpah alikuwa nesi, mtu wa bara, amepanga chumba cha juu mwaka wa sita sasa, na kazi yake ilikuwa kliniki ya maradhi ya maungo. Katika Kuze nzima yeye peke yake ndiye aliyejua Raihana ana nini. Angalau hivyo ndivyo Raihana alivyoamini.

"Kimelala tu," alisema Raihana. "Nimekilalia usiku."

Zilpah akaushika mkono, akabonyeza kile kimfupa cha nje ya kifundo, upande wa kidole kidogo. Kilikuwa kimetuna kama kokwa la embe. Kilibonyea, kikarudi juu.

"Hakijalala, Bi Raihana. Kano yake imekatika."

"Imekatwa na nini, na mimi sikuanguka?"

"Na huu mfupa. Maradhi yameula, umeota meno kama mbuzi ya nazi. Kano za vidole zinapita juu yake. Kila ukigeuza mkono, zinakunwa. Ya kwanza imeisha. Inayofuata ni ya kidole cha pete, halafu cha kati."

"Lini?"

"Labda mwezi ujao. Labda leo, ukikamua nguo." Zilpah alikuwa hasemi kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Raihana zaidi. "Dawa unameza?"

Raihana akaangalia dirishani.

"Tangu lini huzimezi?"

"Tangu Shaaban."

Zilpah hakuuliza kwa nini. Akatoa gango kabatini, lile la plastiki lenye mikanda, akalipima mkononi, akaliweka chini. Halikuenea, kwa sababu ya bangili.

Na hizo bangili lazima zielezwe, maana bila hizo haya yote yangekuwa maradhi ya mtu na hospitali yake. Zilikuwa sita, za dhahabu ya zamani, duara kamili zisizo na kifungio. Zimetoka kwa nyanya hadi kwa mama hadi kwa Raihana, na kila mara zimetoka vivyo hivyo: siku ya hina, kabla hina haijapakwa, mama huzivua mkononi mwake akamvisha binti. Haziwekwi juu ya meza wala ya sinia. Hutoka mkononi zikaingia mkononi. Na zilikuwa nane hapo kale. Mbili zilikatwa siku nyanya alipofariki, kwa kuwa mkono ulikuwa umevimba na maiti hazikwi na dhahabu. Ndiyo maana katika ukoo ule kuzikata ni jambo la msiba, na hata neno lenyewe hutamkwa kwa sauti ndogo.

Siku za kawaida zilikaa kabatini. Lakini wiki mbili nyuma, Raihana alipoona kile kimfupa kinaanza kuonekana hata chini ya mkono wa buibui, alizivaa zote sita ili kukificha. Watu wakamsifu. Mama wa bibi harusi na bangili zake, wakasema, angalia anavyopendeza. Naye akawa hazivui. Mkono ukavimba ndani yake kimyakimya, mpaka siku alipojaribu kuzivua zikakataa.

"Basi tuzitoe sasa," alisema Zilpah.

Walijaribu sabuni. Walijaribu mafuta ya nazi, na barafu, na uzi wa kuzungushia vidole. Kila bangili ilifika kwenye kile kimfupa ikasimama, na Zilpah akaogopa kuvuta.

"Kuna kukata tu," alisema.

"Usiseme neno hilo nyumbani kwangu wiki ya harusi."

"Basi twende kwa daktari leo."

"Ijumaa jioni nitakuwa wako, Zilpah. Ukitaka utanikata mkono wenyewe. Lakini si kabla ya nikaha."

Hofu yake ilikuwa na jina, na jina lake ni Bi Sheikha wa Tudor, mama wa bwana harusi. Mwezi wa Shaaban alipokuja na watu wake kuposa, alikunywa kahawa, akasifu kaimati, kisha akauliza mbele ya wote, "Kwenu hamna maradhi ya kurithi?" Na Raihana, ambaye kisanduku chake cha vidonge kilikuwa ndani ya kabati aliloliegemea mgeni, akasema, "Hamna." Usiku ule ule akavitoa vidonge nyumbani.

Hakudanganya kwa kupenda. Watu wote wajua kwamba Bi Sheikha alivunja posa ya mwanawe mkubwa siku mbili kabla ya nikaha, kwa kuwa upande wa pili walificha kifafa cha mjomba. Kadi zilikuwa zimeshagawanywa. Alipoulizwa, alijibu kwamba si kifafa kilichomuudhi, ni kufichwa.

Jumatano nzima Raihana alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Mchana, walipokaa kula, alisema amefunga. Wifi yake Swabaha, dada wa marehemu mumewe, akamtazama kwa jicho moja. Swabaha ni mwanamke ambaye nyumba ikiwa na watu arubaini huuliza wengine wako wapi.

"Wifi, wafunga leo, na wiki nzima sijakuona hata kushika upawa. Wajua wanawake wasemaje huko nje?"

"Wasemaje?"

"Wasema umezipenda hizo bangili kuliko mwanao. Kwamba walala nazo."

"Wache waseme."

"Mimi nawaambia, huyo mwacheni, mjane, hana mume wa kulala naye." Swabaha akacheka, na waliokuwa karibu wakacheka. Kisha akainama, akanong'ona, "Lakini kesho utazivua, au vipi? Bi Sheikha ameniuliza kama ni za kweli."

"Kesho nitazivua," alisema Raihana, na chini ya leso akakijaribu kidole cha pete. Kiliinuka. Lakini kiliinuka polepole, kama mzee anayeshikilia ukuta.

Alhamisi baada ya alasiri ukumbi haukuwa na pa kuweka mguu. Wanaume walikuwa wametolewa nyumba nzima, buibui zimevuliwa, udi umejaa mpaka dari. Nasiha alikaa kwenye mkeka, leso ya kijani kichwani, mikono mitupu mapajani. Mpakaji hina alikuwa tayari na hina yake. Bi Sheikha alikuwa kwenye kiti, mkoba mapajani, mgongo haujagusa kiti.

Raihana alikuwa na mpango. Angesema hina ipakwe kwanza, kwa kuwa magharibi yakaribia, na bangili zivishwe kesho. Kesho kutakuwa na nikaha, na nikaha ikishafungwa, liwe liwalo.

"Hina ianze," alisema. "Bangili tutavisha kesho."

"Kesho ipi?" Swabaha aliweka ngoma chini. "Bangili hazingoji hina, wifi. Hina ndiyo ingojayo bangili. Hata mamako alifanya hivyo, nilikuwepo."

"Jua lakwenda."

"Jua na liende. Ama wazitaka mwenyewe? Sema, tukutafutie mume wa pili, pesa ya ngoma tushailipa." Ukumbi ukaangua kicheko, na katikati ya kicheko Swabaha alikuwa ameshapiga magoti mbele yake na kibakuli cha mafuta ya nazi. "Lete. Ni haya tu. Walioshindwa hawakunijua mimi."

Raihana aliona jinsi Bi Sheikha alivyoinamisha kichwa kidogo ili aone vizuri. Kuondoa mkono kulikuwa ni kujibu swali ambalo halijaulizwa. Akauacha.

Swabaha akapaka mafuta, akakusanya bangili zote sita kwa mkono mmoja, akavuta. Zikafika kwenye kimfupa. Akavuta tena, sasa kwa kuzungusha, kama mtu afunguaye chupa.

Ndani ya kifundo kitu kikaachia. Hakikuuma. Raihana alihisi kama uzi wa shanga umekatika mahali mbali sana, na shanga bado hazijafika sakafuni. Akatazama mkono wake. Kidole cha pete kilikuwa kinashuka taratibu, kikaenda kulala karibu na mwenzake.

"Shangazi, wacha mkono wa mamangu," alisema Nasiha.

Hakupaza sauti, lakini bibi harusi siku ya hina hasemi, na ukumbi mzima ukanyamaza. Swabaha akaachia. Naye alikuwa ameviona vidole.

"Huo mkono una nini?" aliuliza Bi Sheikha.

Swabaha ana mdomo, lakini ana ubongo pia, na katika kufumba na kufumbua alishakuwa upande wa wifi yake. "Ameteguka huyu. Juzi si alianguka bafuni, Bi Sheikha? Masikini, alikuwa hataki kututia wasiwasi."

Uongo ulikuwa umepikwa, umepakuliwa, umewekwa mezani. Kilichobaki ni Raihana kuitikia kwa kichwa. Akautazama mkono. Kidole gumba, cha shahada, cha kati.

"Sikuanguka," alisema. "Bi Sheikha, mwezi wa Shaaban uliniuliza jambo, nikakwambia hamna. Kuna."

"Kuna nini?"

"Baridi yabisi. Si ile ya uzee, ile ambayo mwili wajila wenyewe. N'nayo mwaka wa nne. Mamangu alikuwa na vidole kama hivi, tukisema ni kazi ya kusuka ukili."

"Na huyu mtoto?"

"Hana. Yaweza kumjia, na yaweza isimjie kamwe. Daktari hakuniapia."

Bi Sheikha akauinamia ule mkono. Mpakaji hina akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

"Kwa nini waniambia leo, usinambie jana?"

"Kwa sababu jana n'likuwa na vidole vinne," alisema Raihana. "Leo n'na vitatu."

Bi Sheikha akafungua mkoba, akatoa simu. Nasiha akaikamata leso yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyeuliza simu yapigwa wapi, na sauti ikafunguliwa ili wote wasikie, kama vile nyumba nzima ndiyo iliyoshitakiwa.

"Zakariya. Niko Kuze."

"Naam, mama," akaitika bwana harusi.

"Mamake Nasiha ana maradhi ya kurithi. Ya maungo. Nilimuuliza akanificha. Kabla sijainuka hapa nataka nikusikie."

Raihana akahesabu pumzi zake. Saba. Nane.

"Mama, mimi najua."

"Wajua nini?"

"Nasiha aliniambia kabla hatujaja kuposa. Aliiona kadi ya kliniki ya mamake. Nikaenda mwenyewe kumuuliza daktari, akanieleza yote."

"Na hukunambia."

"Ningekwambia ungevunja, kama ulivyovunja ya kaka."

Nyuma karibu na mlango ajuza mmoja wa Lamu akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Bi Sheikha akaizima simu. Akairudisha mkobani na kufunga zipu.

"Basi nimefichwa nyumba mbili," alisema.

Raihana alikuwa anamtazama bintiye. Miezi yote ile alikuwa akificha, na Nasiha akimficha kwamba anajua. Walikuwa wamekula sahani moja.

Lakini mkono haukungoja watu wamalize maneno. Kule kuvutwa kulikuwa kumeuamsha. Nyama ilipanda juu na chini ya bangili, na vidole vikaanza kugeuka rangi ya zambarau. Nasiha akaita juu, Zilpah akashuka mbio na viatu vya kazini. Alishika vidole vile mara moja tu.

"Zikatwe," alisema. "Tukingoja hospitali, tutangoja na mkono unakufa."

"Hukatiwa maiti hizo," alisema ajuza wa Lamu, na sasa hakuwa akicheka.

"Aitwe Kamaludin," alisema Raihana.

Kamaludin ni sonara, duka lake vichochoro viwili kutoka pale. Alifika na mkoba wake, akasimama nje ya mlango wa ukumbi akiangalia sakafu, maana ndani kulikuwa na wanawake hamsini vichwa wazi. Kwa hiyo ikafanywa hivi: pazia la mlango likashushwa, Raihana akaketi kwa ndani, akapitisha mkono wake wa kulia katikati ya pazia. Zilpah akaenda upande wa sonara kushika vidole.

"Sabalkheri, Bi Raihana," alisema Kamaludin kutoka ng'ambo, kwa kuchanganyikiwa, ingawa ilikuwa jioni. Kisha akauona mkono, akabadilika sauti. "Nitapenyeza kibati kati ya dhahabu na ngozi, halafu nitumie msumeno mdogo. Lakini usitikisike. Ukigeuza kifundo wakati nakata, siwezi kukuahidi."

"Nani wa kushika huko ndani?" aliuliza Zilpah. "Mkono usigeuke hata kidogo."

Swabaha akasogea, na mikono yake bado ilikuwa inateleza mafuta ya nazi. Watu waliliona hilo. Hapo Bi Sheikha akainuka kwenye kiti chake.

"Nipisheni."

Alipiga magoti juu ya mkeka kwa tabu ya mtu mnene, akaushika mkono wa Raihana chini ya kiwiko na juu yake, akaubana kifuani mwake.

"Usidhani nimesamehe," alisema karibu na sikio. "Nimeshika tu."

Msumeno ukaanza. Ulikuwa mlio mwembamba, kama mbu. Raihana hakuona kitu ila pazia, maua yake ya buluu, na kwa mara ya kwanza akatambua kuwa limeshonwa juu chini. Ya kwanza, alisema Kamaludin. Ya pili. Ya tatu ilikuwa imezama nyamani, kibati kikakataa kupita, na alipokisukuma mkono mzima ukataka kuruka. Bi Sheikha akakaza. Raihana akasikia moyo wa mwanamke yule ukigonga mkononi mwake, nao ulikuwa unakwenda mbio kama wake mwenyewe.

"Tulia, mwanamke," alisema Bi Sheikha. "Tulia. N'nataka mtu wa kugombana naye kwenye harusi."

Ya tatu ikakatika. Ya nne. Ya tano. Ya sita ilichukua muda mrefu kuliko zote, au ilionekana hivyo.

"Inua cha kati," Zilpah alisema.

Raihana aliogopa kujaribu. Kisha akakiambia kidole kiinuke, bila kukiona.

"Kimeinuka," alisema Zilpah.

Kelele zilizopigwa zilifika barabarani. Kamaludin akauliza kwa haya hizi bangili aziweke wapi. "Usiziweke," wakasema wanawake watatu kwa pamoja. Akazipitisha moja moja penye pazia, zimefunguka midomo, Raihana akazipokea kwa mkono wa kushoto akamvisha Nasiha aliyekuwa amechutama pembeni yake. Hakuwa na nguvu za kuzibana zifunge. Nasiha akazibana mwenyewe, moja baada ya moja, na ya mwisho ikabanwa na Bi Sheikha, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Na hizo dawa," alisema, "utazimeza mbele yangu. Sasa nenda. Mtoto nitamtazama mimi apakwe hina."

Zilpah alimfunga gango juu ya mkono wa buibui, si chini, na Raihana hakubisha. Wakatoka. Mlango wa kwanza waliulizwa mkono una nini. Raihana akajibu. Mlango wa pili akajibu tena, na wa tatu. Walipofika njia kuu dereva wa tuktuk alikuwa ameshawasha mashine.

"Pole, Bi Raihana," alisema. "Nasikia ni baridi yabisi, na kwamba Bi Sheikha amekushikia mkono."

"Nani kakwambia?"

"Wamepita watu."

Raihana akapanda. Zilpah akaketi kando yake, akaushika mkono juu ya gango.

"Fungua kiganja," alisema.

Vitatu vikafunguka. Zilpah akasema tena, na tena, njia yote hadi hospitali, na kila mara Raihana aliangalia kwanza nje, halafu ndipo akatazama kama bado ni vitatu.